Naomba ushauri: fensi ya umeme haipigi tena, mbuzi wanapita

Mfugaji wa Kongwa
Habari zenu wakuu. Nina mbuzi 40 na ng'ombe 6 huku Kongwa, Dodoma. Mwezi wa kwanza nilizungushia ekari 4 fensi ya umeme, nyaya tano na mashine ya sola. Wakati wa mvua mbuzi akigusa mara moja harudi. Tangu kiangazi kianze wanapenya tu, na juzi wamemaliza bustani ya jirani, nimelipa. Fundi mmoja anasema niachane na mashine, nivute waya moja kwa moja kutoka umeme wa nyumbani. Nimesita. Mnanishaurije?

Fundi Sola
Kaka, usithubutu! Umeme wa nyumbani ni volti 230 zisizokatika. Misuli inakaza, aliyeshika hawezi kuachia. Atakufa mbuzi, na atakufa mtoto aliyefuata mpira. Mashine ya fensi inatoa maelfu ya volti, lakini kwa mapigo mafupi mno, takriban moja kila sekunde, kwa hiyo mnyama anaruka nyuma akiwa mzima. Erthi umechimbia nini?

Mfugaji wa Kongwa
Nondo moja, kama nusu mita. Na waya wa juu ni seng'enge, nao nimeuunganisha.

Fundi Sola
Seng'enge itoe kwenye umeme leo hii. Anayenasa kwenye miiba anaendelea kupigwa kila sekunde hadi atolewe.

Sasa erthi. Umeme unatoka kwenye mashine, unapita kwenye waya, unaingia kwa mbuzi, unashuka kwatoni, halafu lazima urudi kwenye mashine kupitia ardhini. Udongo mkavu haupitishi, ndiyo maana masika ilikuwa inapiga na sasa haipigi. Chimbia vyuma vitatu vya mita 2 vyenye zinki, viachane mita 3, viunganishe kwa waya mmoja. Tafuta penye unyevu.

Ukimaliza, pima. Nenda mita 100 kutoka kwenye mashine, egemeza vyuma kwenye waya hadi volti zishuke chini ya 2,000. Rudi upime kati ya erthi na kijiti cha chuma ulichochomeka mita 1 pembeni. Ikizidi 300, ongeza chuma kingine.

Mama Mifugo Singida
Mdogo wangu, kwa ukame wetu huu hata erthi nzuri peke yake hainitoshi. Waya wa kwanza, wa tatu na wa tano nimeutia umeme. Wa pili na wa nne nimeufunga kwenye erthi. Mbuzi akiingiza kichwa anagusa zote mbili, anapigwa hata kama chini ni vumbi. Na fyeka nyasi, kila jani linalogusa waya linakunywa umeme wako.

Kijana wa Boma
Pangusa na paneli, vumbi la Dodoma silo mchezo.

Mfugaji wa Kongwa
Nimerudi, dada na kaka zangu. Seng'enge nimeitoa, nimeweka waya laini. Chuma cha tatu kiligonga mwamba, nikakihamishia karibu na birika la maji. Fensi ilikuwa inasoma 1,900, leo asubuhi 6,200. Waya wa pili na wa nne nabadilisha Jumamosi. Beberu mkubwa amejaribu mara moja, sasa amesimama katikati ya malisho anaiangalia.