Ukisoma neno, nusu yake ya kushoto hufikaje upande wa ubongo unaosoma?

Jicho_Kodo:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kilicho kushoto kwa pale macho yanapotua huenda nusu ya kulia ya ubongo, na kilicho kulia huenda nusu ya kushoto. Lakini kwa watu wengi usomaji hutawaliwa na nusu ya kushoto. Sasa nikikazia macho herufi "f" ya neno "wanafunzi", ina maana "wana" inaingia kulia na "unzi" inaingia kushoto. Vipande hivi huunganishwa wapi, na mbona hatuhisi kuchelewa kokote? La pili, nataka kulipima hili kwa kompyuta ya kawaida yenye skrini ya hezi 60. Nimeshauriwa nimfunike mtu jicho moja. Inatosha?

Mshipa_wa_Fahamu:
Kufunika jicho hakutenganishi chochote, mkuu. Kila retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina nusu mbili. Nyuzi za nusu iliyo upande wa pua huvuka kwenye kiazma, pale neva za macho zinapokutana, na za nusu iliyo upande wa panja hubaki upande wao. Kwa hiyo jicho moja tu likiwa wazi, bado linazilisha nusu zote mbili za ubongo. Kinachotenganisha ni mahali neno lilipo, kushoto au kulia kwa pale macho yalipotua.

Baada ya kiazma, ishara hupita kwenye thalamasi, kituo cha kupokezana ishara katikati ya ubongo, na kufika gamba la kisogoni, kila moja upande wake. Hapo pande zote mbili zinafanya kazi ileile ya kuchambua mistari, pembe na kingo. Tofauti huanza mbele kidogo, chini ya ubongo, kwenye mfereji ulio kando ya mkunjo wa fusifomu wa kushoto. Laurent Cohen, Stanislas Dehaene na wenzao walilieleza eneo hilo mwaka 2000 kuwa ndilo la umbo la neno. "Wana" yako hufika huko kwa kuvuka kopasi kalosamu, fungu la nyuzi takriban milioni 200, kupitia sehemu yake ya nyuma iitwayo spleniamu. Jicho hutua kwenye neno kwa milisekunde 200 hadi 250, na uvukaji huo ni mfupi mno kulinganisha na muda huo. Ndiyo maana huoni kiungo.

Tahadhari moja: kama fovea yenyewe, yaani sehemu ya kati ya retina yenye uoni mkali zaidi, imegawanyika kwa mstari mkali, au kuna ukanda mwembamba unaokwenda pande zote mbili, watafiti bado wanabishana. Kwa herufi moja au mbili za katikati, usiseme kwa uhakika ziko wapi.

Pima_Kwanza:
Niongezee upande wa kipimo, maana huharibika kirahisi.

Mkalishe mtu sentimita 57 kutoka kwenye skrini, kidevu kiegemee kitu kisichosogea. Kwa umbali huo, sentimita 1 ni digrii 1, hesabu inakuwa nyepesi. Ukingo wa neno ulio karibu na katikati uwe sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye nukta ya katikati ya skrini anayoikazia macho. Neno lionekane kwa milisekunde 150, yaani fremu 9 kwenye skrini yako. Pima kwa fremu, usitegemee saa ya programu. Ukizidisha milisekunde 200, macho yanapata nafasi ya kurukia neno na jaribio limekufa. Likiondoka, weka "#####" mahali pake.

Namna ya kuhakikisha macho yametulia ni kuweka tarakimu ndogo katikati kwa wakati uleule na kumtaka aitaje kabla ya neno. Akiikosa tarakimu, tupa jibu hilo. Changanya kushoto na kulia bila mpangilio unaotabirika, na utumie maneno ya herufi 4 na ya herufi 7. Kwa kawaida maneno ya kulia husomwa vizuri zaidi, na urefu wa neno huchelewesha zaidi likiwa kushoto.

Lakini usikimbilie kusema ni ubongo peke yake. Neno likiwa kulia, herufi yake ya kwanza ndiyo iliyo karibu na nukta; likiwa kushoto, ya kwanza iko mbali, kwenye uoni hafifu. Pia msomaji wa hati inayokwenda kulia amezoea kuelekeza umakini huko: huchota herufi kama 3 au 4 kushoto kwa pale macho yalipotua, na hadi 14 au 15 kulia. Kwa wasomaji wa Kiebrania, wanaosoma kwenda kushoto, mwelekeo huo hugeuka. Rudia jaribio ukipanga herufi kwa wima. Tofauti ikibaki, hoja yako ina nguvu zaidi.

Jicho_Kodo:
Nashukuru sana. Na kiharusi kikipiga kisogo cha kushoto, nusu ya kulia ya ubongo haiwezi kusoma yenyewe?

Mshipa_wa_Fahamu:
Kwa shida sana. Mwaka 1892 daktari wa mishipa ya fahamu Jules Dejerine alieleza mgonjwa aliyeweza kuandika lakini hakuweza kusoma, hata maandishi yake mwenyewe. Kisogo cha kushoto kilikuwa kimeharibika pamoja na spleniamu, hivyo alichokiona upande wa kushoto hakikupata njia ya kuvukia.

Usilichanganye hilo na upofu wa nusu ya kulia ya uoni peke yake. Mpe mgonjwa maneno ya herufi 3, 5 na 7 na upime muda. Muda ukipanda sana kwa kila herufi inayoongezeka, anasoma herufi moja moja. Mchoree herufi kiganjani: wengi wa kundi hili huitambua kwa mguso. Akiwa na upofu wa nusu tu, maneno hutambulika, ila macho hayajui pa kutua mbele. Huyo hunufaika na mazoezi ya kusoma maandishi yanayotiririka kutoka kulia kwenda kushoto. Upofu ukiwa wa kushoto, tatizo ni kuupata mwanzo wa mstari unaofuata. Rula iliyosimamishwa kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa humsaidia.