Naomba ushauri: kodi ya nyumba yangu California ni mara nne ya ile ya jirani

Mama Wawili: Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba Oakland, California. Mzee wa nyumba ya pili, aliyenunua yake mwaka 1983, alinionyesha ankara yake ya kodi ya majengo: ramani ni moja na viwanja vinalingana, lakini mimi ninatozwa takriban mara nne ya anachotozwa yeye. Kisha ikaniletea kaunti ankara nyingine ambayo sikuitarajia. Kuna anayenishauri niende mahakamani kwa madai ya ubaguzi. Simtakii mzee wa watu mzigo zaidi. Nataka kujua nina haki ya kudai nini.

Mkazi wa Zamani: Pole, dada yangu. Mahakamani usiende. Chanzo ni Pendekezo la 13, ambalo wananchi wenyewe walilifikisha kwenye kura kwa kukusanya sahihi, wakiongozwa na Howard Jarvis na Paul Gann, na tarehe 6 Juni 1978 likapita kwa karibu asilimia 65. Bei za nyumba zilikuwa zikipanda kwa kasi, kodi ikizifuata, na wastaafu ambao kipato chao hakiongezeki wakaingiwa na hofu ya kupoteza nyumba walizokwisha kuzilipia. Kodi ya msingi ikawekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo ikazuiwa kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mmiliki au ijengwe upya. Kwa hiyo jirani yako analipia bei ya 1983 iliyoongezwa kidogo kidogo, nawe unalipia bei ya juzi. Stephanie Nordlinger, aliyenunua nyumba Los Angeles mwaka 1988, alipeleka lalamiko kama lako hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1992 majaji 8 kati ya 9 walilikataa.

Bint Shangani: Ankara ile ya pili ni ya nyongeza: inafidia tofauti kati ya thamani ya mmiliki aliyetangulia na bei uliyonunulia wewe, kwa miezi iliyobaki ya mwaka wa kodi. Ilipe mwenyewe, kwa sababu mara nyingi benki ya mkopo haiilipi. Halafu omba punguzo la mwenye nyumba anayeishi humo. Linaondoa dola 7,000 kwenye thamani, yaani kama dola 70 kwa mwaka. Ni kidogo, lakini ni haki yako. Na iwapo bei ya soko tarehe 1 Januari imeshuka chini ya thamani uliyoandikiwa, mwombe mthamini wa kaunti aipitie upya. Itazame pia mistari iliyo chini ya ile asilimia 1: hayo ni madeni ya shule na miradi mingine ambayo wapiga kura waliyaidhinisha.

Mwalimu K.: Ushauri ni sahihi, ila sheria yenyewe siwezi kuisifu. Mapato ya kodi hiyo yalishuka kwa zaidi ya nusu, na shule zikabaki zikitegemea fedha za jimbo. Makampuni yenye majengo ya biashara ya miaka mingi nayo yanafaidika vilevile, na jaribio la kuyatenganisha na makazi lilishindwa kwenye kura ya 2020.

Mama Wawili: Ahsanteni sana. Mzee anataka kumwachia nyumba mwanawe anayeishi Nevada. Naye atarithi kodi ile ile?

Bint Shangani: Hapana, asipohamia humo. Tangu Februari 2021, chini ya Pendekezo la 19, mtoto anapaswa kuifanya nyumba hiyo makazi yake ndani ya mwaka mmoja, na hata hivyo nafuu ina kikomo. Mwambie mzee aonane na mwanasheria wa mirathi mapema.