Familia Yetu Uyole

Neema: Shikamooni wote. Mtihani wa majaribio umerudi, nimekosa swali la skala na vekta. Niliandika jotoridi ni vekta.

Mjomba: Marahaba. Mimi ni wa bajaji, niulize habari za petroli 😂

Neema: Mwalimu alisema skala ina ukubwa tu, vekta ina ukubwa na uelekeo. Sasa joto si linashuka chini ya sifuri? Kushuka si uelekeo jamani?

Shangazi Makete: Huku leo umande umeganda juu ya majani ya viazi. Kama joto lina uelekeo basi linaelekea magotini kwangu.

Kaka Ezra: Pole shangazi. Neema, nyuzi -2 za huko zinaelekea wapi, Njombe au Tukuyu?

Neema: 🙈

Kaka Ezra: Ile alama ya kutoa siyo upande. Sifuri ya Selsiasi iliwekwa pale maji yanapoganda, basi. Pima baridi hiyohiyo kwa kelvini utapata kama 271. Alama ya kutoa imeondoka, shangazi bado anatetemeka.

Shangazi Makete: Natetemeka kweli.

Kaka Ezra: Mjomba, mita inasema umetembea kilomita ngapi leo?

Mjomba: 94. Nimepaki sasa hivi chini ya mparachichi.

Kaka Ezra: Asubuhi ulitokea wapi?

Mjomba: Hapohapo chini ya mparachichi.

Kaka Ezra: Umbali 94, skala. Mhamo sifuri, maana umerudi ulipoanzia. Mhamo ni vekta.

Mama Neema: Ndiyo maana hela haionekani 😂😂

Mjomba: Dada, abiria wanalipia umbali. Wangelipia mhamo ningelala njaa.

Neema: Mhamo ndiyo displacement?

Kaka Ezra: Mimi naiita hivyo. Kwenye mtihani andika Kiingereza chao.

Kaka Ezra: Ila usikariri tu "ukubwa na uelekeo". Angalia vinavyojumlishwa. Maziwa lita 3 na lita 4 ni lita 7, hakuna ubishi. Nguvu je? Mmoja anasukuma niutoni 300, mwingine 400. Wakisukuma upande mmoja, 700. Wakipingana, 100. Mmoja akisukuma mbele na mwingine ubavuni, pembe mraba, ni 500, na mzigo unakwenda mshazari.

Mama Neema: Kumbe! Siku ile ya tope baba Neema anasukuma bajaji kwa nyuma, mjomba yuko ubavuni. Ikaenda mtaroni.

Mjomba: Nilikuwa naizuia isianguke!!

Neema: Kaka, na mkondo wa umeme? Unatoka chanya kwenda hasi. Huo si una uelekeo?

Kaka Ezra: Swali zuri, hapo wakubwa wanateleza. Nyaya mbili zinaingia kwenye kiungo kimoja, moja ina ampea 3, nyingine 4. Wa tatu unaotoka una ngapi?

Neema: Inategemea pembe?

Kaka Ezra: Zikunje unavyotaka, ni 7 tu. Kama maziwa. Mkondo ni skala.

Neema: Aaaah. Ndaga fijo kaka.

Shangazi Makete: Mkimaliza masomo, nimewatumia viazi debe mbili na basi la mchana. Mjomba akavipokee stendi.

Mjomba: Stendi ipi shemeji? Umetoa ukubwa, uelekeo hujatoa.

Shangazi Makete: Nanenane. Saa kumi. Uje na bajaji, usije na vekta.