Mnaoiponda Neptune's Daughter kwa klipu ya dakika tatu, mnatuchosha!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimesoma maoni ya watu kuhusu Neptune's Daughter, ile muvi ya studio ya MGM ya Hollywood ya mwaka 1949, mpaka kichwa kikaniuma. Wengi wenu hamjaitazama! Mmeona kile kipande kinachosambazwa kila Desemba, mwanaume anaimba "Baby, It's Cold Outside" (yaani "Mpenzi, nje ni baridi") akimbembeleza mwanamke abaki, mwanamke anatafuta kofia yake aondoke, basi, hukumu imeshatoka: muvi ya hovyo, inafundisha wanaume kulazimisha, ipotelee mbali. Mwingine kaipa nyota moja kati ya kumi na chini yake kaandika sentensi moja tu. Sentensi yenyewe inahusu wimbo.

Sasa nisikilizeni, maana inaonekana kuna watu wanaogopa kukaa saa moja na nusu mbele ya muvi ila hawaogopi kuihukumu.

Esther Williams ni Eve Barrett, mwogeleaji aliyeingia kwenye biashara ya kutengeneza mavazi ya kuogelea. Ana ndugu yake, Betty, aliyechezwa na Betty Garrett, binti mwenye moto wa mapenzi asiyejua kungoja. Timu ya polo, ule mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, imefika kutoka Amerika Kusini, na Betty kashaapa lazima apate mmoja. Anakwenda klabuni, anakutana na Jack Spratt, mchua misuli wa pale, ambaye ni yule mchekeshaji Red Skelton. Anamdhania ndiye José O'Rourke, nahodha wa timu. Jack, kwa wanawake ni mwoga kupindukia, anaona bahati imemdondokea, anaikubali. Eve akisikia jina la José anaamini moja kwa moja kwamba huyo bwana mkubwa wa polo anamchezea ndugu yake. José halisi, Ricardo Montalbán, hata hamjui huyo Betty. Eve anakubali kutoka naye kwa lengo moja: amtenge na Betty.

Hapo ndipo wimbo wa "Baby, It's Cold Outside" unapoingia. Yule mwanamke mnayemwona anasitasita anaamini amekaa na tapeli wa mapenzi, na kibaya zaidi ameanza kumpenda tapeli mwenyewe. Ndiyo maana uso wa Esther pale una mambo mawili kwa wakati mmoja. Klipu yenu haiwezi kuwapa hilo kwa sababu imekatwa kabla na imekatwa baada.

Na "baada" ndiyo inayonipandisha hasira zaidi. Wimbo ule kwenye muvi unaimbwa MARA MBILI. Mara ya pili ni Betty na Jack, na safari hii mwanamke ndiye anayeng'ang'ania! Skelton anatafuta mlango, Garrett anamvuta arudi. Maneno ni yale yale, mtego ule ule, jinsia zimebadilishana. Muvi yenyewe ilijicheka mwaka 1949, ninyi mnakuja na ugunduzi wenu leo kana kwamba mmeshika mwizi. Nimepitia maoni mengi sana ya kuponda, na wanaoitaja sehemu hiyo ya pili ni wachache mno. Mnakosoaje nusu ya mzaha?

Kuna mwingine kaandika eti wimbo ulitungwa na wanaume wa studio ili kuhalalisha tabia mbaya. Kaka, mtunzi wa nyimbo Frank Loesser aliutunga mwaka 1944 ili aimbe yeye na mkewe Lynn kwenye sherehe zao, usiku ukishakuwa mkubwa na wageni wanatakiwa kuelewa kwamba ni wakati wa kwenda kwao. Aliyekasirika wimbo ulipouzwa kwa MGM alikuwa Lynn, kwa sababu aliuona ni wao wawili. Kisha ukachukua Oscar ya wimbo bora. Mwaka 2018 kituo kimoja cha redio cha Cleveland, Marekani, kikaacha kuupiga wakati wa Krismasi, na tangu hapo kila mtu amekuwa hakimu.

Sikatai kwamba kuna mstari unaokera. Ule wa kuuliza kinywaji kimewekwa nini, masikio ya leo yanaushtukia, na yana haki. Binti yangu akiusikia nitamweleza. Lakini kukereka na mstari mmoja na kuizika muvi nzima ni mambo mawili tofauti.

Halafu hili la "Esther Williams hajui kuigiza, anajua kuogelea tu." Tu! Huyu alikuwa bingwa wa Marekani wa mita 100 mtindo huru mwaka 1939, akajiandaa kwa Olimpiki ya 1940, vita vikaifuta. Akaokotwa na Hollywood kutoka kwenye maonyesho ya majini huko San Francisco, ambako alikuwa akiogelea na Johnny Weissmuller, yule Tarzan. Mnachokiita "kuogelea tu" ni mtu kuwa chini ya maji macho wazi, anatabasamu, nywele zimebanwa na mafuta na Vaseline zisifumuke, na anahesabu muziki ambao huko chini hausikiki vizuri. Nani mwingine Hollywood alikuwa akifanya hivyo? Mpeni bwawa muigizaji mnayemsifia tuone atatabasamu sekunde ngapi.

Na ninyi wa upande wa pili, wa "mapenzi ya zamani yalikuwa ya kweli, siyo haya ya siku hizi," msidhani nimewasahau. Mapenzi ya kweli yapi? Muvi nzima inasimama juu ya jambo ambalo Eve angeliuliza kwa maneno matano lingekwisha: "Wewe na Betty mlikutana wapi?" Haulizi. Ikabidi waje wacheza kamari na mipango ya kumteka nahodha, na masikini Jack ajikute juu ya farasi kwenye mechi ya polo. Nimecheka, sikatai, Skelton ni kichaa kweli kweli. Ila msiniambie hilo ni funzo la ndoa.

Mnaotafuta cha kukasirikia mbona mnakiruka? Tazameni huyo "Amerika Kusini" wa kwenye muvi anatoka nchi gani. Hana nchi, ana lafudhi. Montalbán alikuwa Mmeksiko wa Mexico City, na studio ikamgeuza mtu wa popote panapozungumzwa Kihispania. Miaka miwili kabla, kwenye muvi ya Fiesta, walimpanga awe pacha wa huyu huyu Esther Williams, Mmarekani wa California akijifanya Mmeksiko. Mwaka 1947 ni pacha wake, 1949 ni mpenzi wake! Na vichekesho vingi vya Skelton vinaegemea kujifanya Mlatino. Hapo ningewaelewa. Lakini hamfiki huko, kwa sababu halipo kwenye klipu.

Lalamiko moja tu ndilo nimelikubali bila kubisha: maji ni machache. Jina la muvi ni binti wa mungu wa bahari, steringi ni malkia wa bwawa, halafu tunakaa muda mrefu tukitazama farasi na bendi ya Xavier Cugat. Cugat namheshimu, ila sikuja kwa ajili yake. Onyesho kubwa la majini limewekwa mwishoni, wakati nusu ya watazamaji wameshasinzia au wameshakwenda kuandika maoni.

Anayetaka maji ya kutosha atafute Million Dollar Mermaid ya 1952, ambayo maonyesho yake makubwa ya majini yalipangwa na Busby Berkeley, yule mpangaji maarufu wa dansi za Hollywood. Kwenye muvi hiyo Esther alipiga mbizi kutoka juu kabisa akiwa na taji la chuma kichwani. Alipogonga maji taji likamvunja mifupa ya shingo, akakaa kwenye plasta miezi sita. Itazameni mpaka mwisho, kisha mje hapa mniambie tena kuhusu kuogelea tu.