Vijana waliopita nyumbani "kuhakiki laini" wamechukua kidole cha mama mara nne. Nifanye nini?

BintiMbagala
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wenu, na wa haraka.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi Mbagala na mjukuu wa darasa la nne. Jumanne mchana walibisha hodi vijana wawili, mmoja kavaa fulana ya kampuni ya simu na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Shikamoo mama, usajili wa laini yako una kasoro, usiku wa leo inafungwa. Mama akawakaribisha kibarazani, akawapa na maji ya kunywa. Wakaomba kadi ya NIDA (kitambulisho cha taifa), wakaipiga picha mbele na nyuma. Kisha dole gumba kwenye kile kimashine. "Haijasoma mama, futa kidole." Anafuta kwenye khanga, anaweka tena. Mara nne. Mwisho wakaomba na simu yake ya kitochi "wamalizie", wakakaa nayo kama dakika tano huku wamempa mgongo.

Nimejua Alhamisi, tena ni mjukuu aliyeropoka. Hela kwenye simu haijaguswa, ila sina amani kabisa. Mama amenyamaza, hataki hata kaka zangu wajue.

Nahodha77
Pole sana dada. Usisubiri. Shika simu ya mama sasa hivi, piga *106#, fuata menyu uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta namba asiyoijua, mpeleke kwenye duka la kampuni husika, si kwa wakala wa mwavuli wa barabarani, azikane na zifungwe.

WakalaMstaafu
Niliwahi kusajili laini chini ya mwavuli Kariakoo kwa miaka miwili, kwa hiyo hili nalijua kwa ndani.

Kidole cha mtu aliyelima au kufua maisha yake yote kweli huwa kinagoma, mistari inakuwa imefutika. Ndiyo maana mchezo huu unawapata wazee, "haijasoma" kwao si neno geni. Lakini mara nyingi kimesoma tangu mara ya kwanza. Kila anapokiweka tena anasajiliwa laini nyingine. Picha ya kadi peke yake haiwatoshi, maana tangu 2019 usajili ni kwa alama za vidole. Walichokifuata hapo kibarazani ni kidole.

Laini hizo zinauzwa zikiwa tayari zimesajiliwa, kwa hao wanaotuma meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi wakifuatilia, jina linalotokea ni la mama yako. Kwa hiyo baada ya dukani pitieni kituoni, toeni taarifa na mpewe RB (namba ya taarifa ya polisi). Kujifanya mtu mwingine kwa njia hiyo ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, msikubali kuambiwa ni jambo dogo.

Na siku nyingine wakala akisema haijasoma, mwambie geuza skrini nione. Akikataa, mama aondoe mkono.

Mwl_Tabu
Naongeza moja. Ile namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianza na mwaka. Kama namba ya siri ya mama ni mwaka wake wa kuzaliwa, hao wameshaisoma kwenye picha. Badilisheni usiku huuhuu.

BintiMbagala
Mwalimu, mwili umenisisimka. Ndiyo hiyohiyo! Tumeshabadilisha.

Nahodha77
Pia angalieni mtandao. Simu yake ikikosa mtandao ghafla na ya jirani wa kampuni hiyohiyo inashika, huenda namba yake imehamishiwa kwenye laini nyingine. Hapo pigieni kampuni papo hapo kwa simu yoyote. Na meseji za kitapeli msizifute kabla ya kuzituma kwenda 15040.

MamaWawili
Mimi naomba nizungumzie huyo mama. Mama yangu mkubwa alitapeliwa mlangoni na waliosema wanakagua mita ya umeme ya LUKU, akaficha miezi mitatu kwa kuogopa wanawe watasema amezeeka. Dada, usimhoji kama polisi. Kawaambie kaka zako wewe, mbele yake, na uanze kwa kusema aliwapa watu maji kama alivyolelewa. Kisha kaeni naye mpange: mgeni wa kazi yoyote asubiri nje ya geti mpaka mjumbe au jirani afike. Mwenye kazi ya kweli atasubiri.

BintiMbagala
Mrejesho. *106# ilionyesha namba tatu ambazo mama hazijui. Leo asubuhi tumekwenda dukani na kadi yake, zote zimefungwa. RB tunayo. Mjumbe ametangaza mtaani, na kumbe nyumba mbili za nyuma yetu nao walipitiwa siku hiyohiyo, wote wazee, wote walikuwa wamenyamaza. Mama mwenyewe ndiye aliyewapeleka dukani mchana huu. Nawashukuru sana wakuu.

Kijana_wa_Kijichi
Dada, niko jirani na huko na bibi yangu hushinda peke yake. Ile fulana ilikuwa rangi gani, na walikuja saa ngapi?

BintiMbagala
Saa nane mchana, watoto wengi wakiwa bado shule. Fulana usiitegemee, watabadilisha. Mpigie bibi sasa hivi.