Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon: usiku wa pili tulale wapi kabla ya Lenana?

KiboKusini:
Wakuu, habari za leo. Tuko wanne, wawili Arusha na wawili Nairobi, na mwishoni mwa Januari tunataka kupanda Lenana, kimoja cha vilele vya Mlima Kenya, kupitia Bonde la Mackinder. Ratiba tuliyoandikiwa ni ya siku nne. Ya kwanza geti la Sirimon (mita 2650) hadi kambi ya Old Moses (3300), ya pili Old Moses hadi kambi ya Shipton's (4200), ya tatu alfajiri kileleni (4985) na kuanza kushuka, ya nne kutoka. Kinachonisumbua ni siku ya pili. Kupandisha malazi mita 900 kwa mpigo naona ni nyingi, na wenzetu wa Nairobi hawajawahi kulala juu ya mita 3000.

Naomba ushauri: usiku wa pili tulale wapi, kutoka Shipton's tupite upande gani, tushukie njia ya Chogoria au ya Naro Moru, na jiko gani linafaa. Mwongozo tunaye, na wapagazi wawili.

LikiKaskazini:
Mkuu, wasiwasi wako una msingi. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3000, kimo cha kulala kisizidi cha jana kwa zaidi ya mita 500. Ratiba yenu inakaribia kuizidisha mara mbili.

Sababu yenyewe ni hii. Shipton's kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Mwili hujibu kwa kupumua haraka, kwa hiyo unatoa kaboni dioksidi nyingi kupita kawaida na damu inaelekea kuwa na alkali. Ubongo ukiona hivyo unapunguza tena kasi ya kupumua, na hilo huwa baya zaidi usingizini. Figo ndizo zinazosawazisha damu kwa kutoa bikaboneti (aina ya alkali) kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa, si saa kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kupanda mchana akiwa mzima kabisa, akaamka saa saba usiku kichwa kinampasuka.

Ongezeni usiku mmoja, na mimi ningeuweka Liki North, karibu mita 3990. Kutoka Old Moses mnafuata barabara ya gari hadi juu ya mitambo ya mawasiliano, mnaingia kwenye njia ya miguu, mnavuka Ontulili, kisha mnafika kijito cha Liki North. Kile kibanda cha zamani msikitegemee hata kidogo, bebeni mahema. Mchana mnapumzika. Siku inayofuata mnavuka mgongo, mnateremka Bonde la Mackinder na kuufuata mto Liki kati ya mimea ya lobelia na senesio hadi Shipton's. Malazi yanapanda mita 200 tu siku hiyo, na mnaingia kambini mapema mkiwa na nguvu.

MamaSenesio:
Hapa sikubaliani na mwenzangu, na sababu yangu ni ya uokoaji. Kutoka 3300 hadi 3990 bado ni mita 690, kanuni imevunjwa vilevile. Halafu Liki North haina barabara. Mtu akizidiwa usiku mtamshusha kwa miguu gizani, kwenye nyasi za mafundo na matope. Old Moses gari linafika.

Kwa watu ambao hawajawahi kulala juu, ningelala Old Moses siku mbili. Siku ya pili mnapanda hadi kwenye mgongo unaolitazama Bonde la Mackinder, mnakaa huko saa nzima, mnarudi kulala. Siku ya tatu ndiyo ya Shipton's, kama kilomita 14, saa sita hadi nane kwa mwendo wa pole pole. Mkiwa na usiku mwingine wa ziada, ulaleni Shipton's, na mchana wake mpande hadi Hausburg Col (4591), yaani pengo la kuvukia mgongo wa mlima, na kushuka. Hiyo itawafaa kuliko kitu kingine chochote kwa ajili ya kilele.

Kuhusu dawa: asetazolamidi, wengi wanaijua kama Diamox, kinga yake kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inaharakisha ile kazi ya figo aliyoieleza LikiKaskazini, haifichi dalili. Vidole vitachonyota na mkojo utaongezeka, hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa aongee na daktari kwanza, na ni vizuri kila mmoja aijaribu nyumbani kabla ya safari.

Dalili zigaweni hivi. Kichwa kinauma na chakula hakipandi: mtu habanduki alipo, hapandi hata mita moja mpaka apone. Akishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole, au akaanza kuongea ovyo: ubongo unavimba. Akihema akiwa ameketi, au akikohoa povu: mapafu yanajaa maji. Hizo mbili za mwisho hazingoji kupambazuke. Mnamshusha saa hiyo hiyo, angalau mita 300 na zaidi ikibidi, na mtu asiachwe ashuke peke yake.

Harris_Tarn:
Nijibu la kileleni. Kutoka Shipton's kuna njia mbili.

Ya kwanza inapanda moja kwa moja kwenye mteremko wa kokoto hadi kiziwa cha Harris Tarn, kisha ukingoni hadi Lenana. Ni mita 785 za kupanda, saa tatu hadi tano. Usiku kokoto zimeshikwa na barafu na mguu unasimama imara. Jua likishazigonga zinaachia, na kila hatua mbili unarudi moja. Kwa hiyo njia hii ni ya kupandia usiku, si ya kushukia mchana. Mita za mwisho kabla ya kilele kuna vikanyagio vya chuma na waya wa kushikilia.

Sasa sikilizeni jambo la Januari. Mlima uko karibu kabisa na ikweta, na Januari jua linaegemea kusini. Upande wa kaskazini, ambao ndio wenu, unakaa kivulini na kushika barafu. Vile vyuma vinaweza kuwa na utando wa barafu usioonekana kwa tochi. Mwulizeni mlinzi wa kambi Shipton's jioni ile: waliopanda leo wamekuta nini? Akisema barafu ipo na nyinyi hamna vyuma vya kuvaa viatuni, piteni njia ya pili: Simba Col (4620), kiziwa cha Square Tarn, hadi kibanda cha Austrian Hut (4790), kisha karibu saa moja hadi kileleni. Ni ndefu zaidi, ondokeni saa nane usiku badala ya saa tisa.

Msiondoke mapema kuliko hapo. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, na kundi linalofika kileleni saa kumi na moja linasimama kwenye upepo chini ya sifuri saa nzima na nusu, jasho likigandia mgongoni. Pandeni na nguo chache, koti zito liwe juu kabisa ya begi. Chupa ya maji ibebwe kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu na mdomo utabaki wazi. Mrija wa mfuko wa maji utaziba tu, uacheni kambini. Betri za tochi ziwe za lithiamu. Kufikia saa tatu au nne asubuhi mawingu huanza kupanda kutoka mabondeni, wakati huo muwe mmeshaanza kushuka.

LikiKaskazini:
Nakubali hoja ya gari, dada. Kwa kundi lenye wageni wawili wa kimo, mbili Old Moses ni salama zaidi. Liki North ibaki kwa waliokwisha kulala juu.

Kushuka: Chogoria, bila kusita. Mnatoka Lenana hadi kambi ya Mintos kwenye vile viziwa vya Hall Tarns, mnachungulia Ziwa Michaelson kutoka juu ya ule ukuta unaoitwa Temple, kisha mnafuata ukingo wa Bonde la Gorges hadi mwisho wa barabara, mita 3300. Hakuna upande wa mlima huu unaolingana nao kwa uzuri, na mteremko wake ni wa taratibu. Naro Moru ni fupi ila inaumiza. Kutoka Lenana hadi kambi ya Met Station (3050) ni zaidi ya mita 1900 za kushuka, ukimaliza kokoto za Bonde la Teleki unaingia kwenye lile tope la mteremkoni. Januari linakauka kiasi, lakini magoti hayatakushukuru. Aliyechoka au anayeumwa ashukie Naro Moru, maana ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupoteza kimo. Wengine wote Chogoria.

Tahadhari moja ya Chogoria: kutoka getini hadi mjini ni kama kilomita 30 za barabara ya msituni, na mvua ikinyesha ni gari la magurudumu manne yenye nguvu tu linalopita. Lipangeni kabla ya kuingia mlimani. Na getini Sirimon semeni mapema mtatokea geti gani, msiandikwe kama watu ambao hawajarudi. Malipo ni ya kielektroniki, si taslimu, na kila mmoja abebe kitambulisho halisi kwa sababu viwango vinategemea uraia.

JikoLaMlima:
Hakuna aliyegusa jiko, na ndilo linaloamua kama watu watakula.

Shipton's maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100. Maharage, dengu na githeri mbichi hazitaiva hata mchemshe usiku kucha. Zipikeni nyumbani, zikaushwe au zigandishwe, mlimani ni kupasha tu. Wali unawezekana ukiongeza maji na kuweka jiwe juu ya mfuniko. Ugali, uji na tambi nyembamba hazina shida. Moto wa kuni hauruhusiwi.

Gesi ndipo wengi wanapokwama. Mikebe ya bei nafuu imejaa butani tupu, na butani inaacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri. Saa nane usiku jiko litawaka kama mshumaa halafu lizime, na mkebe bado mzito. Nunueni yenye mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiku mkebe ulale ndani ya begi la kulalia.

Kiasi: watu wanne wa kupanda wanahitaji kama lita 12 za maji moto kwa siku, pamoja na ya kunywa. Kwa upepo na baridi hesabuni gramu 20 za gesi kwa lita, yaani 240 kwa siku. Mkebe wa gramu 450 ni wa siku mbili chini kidogo. Kwa siku tano bebeni mitatu, na wapagazi muwahesabie gesi yao mbali. Kamwe msiwashe ndani ya hema lililofungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye jiko (kaboni monoksidi) haina harufu, na dalili zake za mwanzo zinafanana na ugonjwa wa kimo.

KiboKusini:
Nawashukuru sana wakuu, nawe dada. Tumebadilisha: siku tano, mbili Old Moses, kushuka Chogoria. La mwisho: mwenzetu mmoja anauliza kama tukifika Lenana na muda upo, anaweza kugusa Nelion au Batian, vile vilele viwili virefu zaidi, siku hiyo hiyo?

Harris_Tarn:
Hapana. Kati ya Lenana na Nelion (5188) kuna bonde la barafu ya Lewis, na baada ya hapo ni ukuta wa mwamba wa siku nzima kwa kamba, urefu wa kamba baada ya urefu wa kamba, na kushuka kwake ni kwa kamba vilevile. Batian (5199) unavuka kutoka Nelion kupitia pengo liitwalo Gate of the Mists, au unapanda upande wa kaskazini, ambao msimu wake ni Juni hadi Oktoba. Januari ni msimu wa Nelion kwa upande wa kusini-mashariki, kwa hiyo akitaka kweli, aandae safari yake peke yake: mwongozo wa mwamba, kofia ngumu, kamba mbili za mita 50, na kulala Austrian Hut akiwa ameshazoea kimo. Aanze na mazoezi ya miamba ya Hell's Gate, Naivasha, ajifunze kuteremka kwa kamba mpaka mikono ifanye yenyewe.