Deki ya Blu-ray imeanza vituko baada ya kuapdeti: nimwachie fundi wa hapa Mtwara, niipakie basi la Dar, au nihangaike nayo mwenyewe?

BabaNeema
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mikindani. Nina deki ya Blu-ray niliyoinunua kwa mzungu mmoja pale Shangani mwaka 2014, alipokuwa anafunga virago baada ya kazi za gesi. Miaka yote haijawahi kunipa shida. Ijumaa, kwa mara ya kwanza, nikaiunga kwenye hotspoti ya simu. Ikaleta ujumbe kwamba kuna programu mpya, nikabonyeza OK. Ikala bando langu, ikafika asilimia 100, ikajizima na kujiwasha yenyewe. Tangu hapo ni vituko:

Sinema za Kihindi, original, alizoniletea shemeji alipompeleka mzee kutibiwa India, zinakataliwa zote. Diski inazunguka kidogo, halafu inaandika kwa Kiingereza kitu kama "kagua msimbo wa eneo". Nikadhani inataka kujua nipo wapi, nikaingia kwenye mipangilio nikaijazia Tanzania. Wapi!

DVD ya harusi ya mdogo wangu, hii ya kuchoma, picha inakuja safi lakini sabufa imetulia kama maji mtungini.

Blu-ray tatu alizoniachia yule mzungu zinacheza, ila nikiweka diski naenda kuswali Isha narudi bado inapakia.

Fundi mmoja hapa mjini kaishika dakika tano tu, kasema jicho (lile la kusomea diski) limekufa, nitoe elfu 45. Mwingine kanishauri niipakie kwenye basi la asubuhi, kuna jamaa yake Kariakoo anazijua. Mimi akili inaniambia niirudishie programu ya zamani kwa flashi. Ipi yenye nafuu?

KoroshoGredi1
Mkuu, nani bado anahangaika na diski? Hiyo elfu 45 ongezea, chukua boksi la Android, sinema zote kwenye flashi. Yameisha.

BabaNeema
@KoroshoGredi1 boksi halina mdomo wa kulishia diski. Ile harusi ilifanyika Newala 2009, marehemu mama yumo anapiga vigelegele. Hiyo siwezi kuitafuta YouTube.

KoroshoGredi1
Pole mkuu. Basi ipeleke steshenari wakuhamishie kwenye flashi, buku mbili tatu. Na hao Wahindi waangalie kwenye laptopu.

FundiMasasi
BabaNeema, usitoe hata shilingi kwanza. Nimefungua deki zaidi ya miaka kumi na tano, nikueleze kwa nini hiyo hukumu ya jicho siikubali.

Deki ya Blu-ray haina taa moja. CD inasomwa kwa mwanga wa nanomita 780, DVD kwa 650, Blu-ray kwa 405, ule wa zambarau. Kwa hiyo jicho la deki ya aina hii mara nyingi halifi lote kwa mpigo. Utakuta DVD zinasoma, Blu-ray zinagoma, au kinyume chake. Sasa soma ulichoandika mwenyewe: Blu-ray zinacheza, DVD ya harusi inacheza. Taa zote mbili nzima. Na hiyo ya harusi ni ya kuchoma, ambayo jicho lililochoka huwa la kwanza kuitema. Jicho linalosoma diski ya kuchoma ya mwaka 2009 bila kukwaruza picha, limekufa wapi?

Kitu cha pili: jicho linapochoka halikupi ujumbe wa heshima. Linazunguka, linalia krr krr, linaandika "hakuna diski". Ujumbe wa msimbo wa eneo maana yake diski imesomeka vizuri kabisa, ila mashine imekataa kuifungulia mlango, kwa kuwa diski za DVD hufungwa kwa maeneo ya dunia na hiyo si ya eneo la deki yako.

Kuhusu laptopu, tahadhari: draivu ya DVD ya kompyuta inakuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, ya mwisho inajifunga hapohapo. Usimchezee mtu laptopu yake.

Ila nyie watu wa Mikindani na Shangani msijisahau, chumvi ya bahari inakula miguu ya vifaa humo ndani. Ukiifungua siku moja utaona kutu ya kijani kwenye soketi. Lakini kutu haisubiri siku ya apdeti.

BintiLindi
Mimi niongelee njia ya flashi, maana imenitoa jasho hapa Lindi.

Kwanza, kurudi nyuma ni ndoto. Deki nyingi zinakagua namba ya toleo, ukiiletea la zamani inakwambia tayari una jipya, inatulia. Nilipoteza usiku mzima kwa hilo.

Pili, flashi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32. Ukiweka exFAT au NTFS, deki nyingi haziioni kabisa. Faili lifunguliwe kutoka kwenye zipu, liwe nje peke yake, si ndani ya folda, isipokuwa kampuni imesema folda ya jina fulani.

Tatu, na hii ndiyo iliyoniumiza: nilipakua kwa simu, mtandao ukakata, nikapakua tena. Simu ikaliongezea jina (1) mwishoni. Deki inatafuta jina lilelile herufi kwa herufi, kwa hiyo kila nikichomeka ilisema hakuna faili. Siku mbili! Nilipofuta kale ka (1) ikaanza kupakia palepale.

Halafu ikiwa kwenye asilimia 60 hivi, umeme ukakata. Ilikuwa ndiyo mwisho wa habari. Taa nyekundu inawaka, haifunguki, haisikii rimoti. Fundi mmoja alinisaidia kwa kung'oa ile chipu ndogo yenye miguu minane, akaiandikia upya kwa kifaa cha USB, lakini ilibidi kwanza atafute deki nyingine ya modeli ileile anakili kutoka kwake. Ilichukua wiki tatu na pesa karibu ya kununulia nyingine.

Kwa hiyo kama mashine inawaka na inacheza, mimi nisingeigusa kwa flashi bila sababu.

MwenyeBanda
Wakuu, nina kibanda umiza Tandahimba, deki zimepita mikononi mwangu kuliko mechi za ligi. Baba Neema, deki yako haijaharibika. Imesahau.

Baadhi ya apdeti zikimaliza zinarudisha mipangilio kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo deki ilitoka Ulaya. DVD za Ulaya ni eneo la 2. Sisi Tanzania ni eneo la 5, na India ni la 5 vilevile. Yule mzungu, au aliyemuuzia, aliifungua kwa namba za rimoti isome maeneo yote, ndiyo maana miaka yote hukuona kitu. Apdeti imefuta ule ufunguo, imerudi kuwa ya eneo la 2. Kuijazia Tanzania kwenye mipangilio hakusaidii, kule wanauliza nchi kwa ajili ya lugha na intaneti, si diski. Hebu nijibu: una DVD yoyote iliyotoka Afrika Kusini?

Blu-ray hazijakusumbua kwa sababu zenyewe zina mgawanyo wake. Huko Ulaya na Afrika tumewekwa kundi moja, B.

Harusi inacheza kwa kuwa aliyeichoma hakuweka eneo lolote.

Sauti sasa. Umeunga sabufa kwa waya wa optiko, siyo? Ingia kwenye sauti ya dijitali, utakuta imejirudisha kwenye "bitstream". Hapo deki inatoa Dolby mbichi, na sabufa zetu hizi za dukani nyingi hazijui kuipika. Weka PCM, yaani deki iipike sauti yenyewe kabla ya kuitoa. Dakika moja tu.

BabaNeema
@MwenyeBanda ninayo moja, mchezo wa kuigiza, mdogo wangu aliileta kutoka Johannesburg. Nimeiweka sasa hivi. INACHEZA.

MwenyeBanda
Afrika Kusini ni eneo la 2. Kesi imekwisha. Tafuta namba za rimoti za modeli yako, iandikwe hadi herufi ya mwisho, maana zinatofautiana. Kwa kawaida unafungua trei ikiwa tupu kisha unabonyeza mfululizo fulani. Ukikosea, kwa kawaida haitafanya kitu.

KusiniMpya
Msimpe matumaini kwamba kila deki ya apdeti "imesahau" tu. Juni 2020 deki za kampuni moja kubwa zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe dunia nzima kwa wakati mmoja. Zilikuwa zimeshusha kafaili kadogo ka mipangilio kutoka kwenye seva, kakawa na kasoro, kakahifadhiwa ndani, na kila deki ikiwaka inakasoma kwanza na kuanguka. Watu walichomoa intaneti, hola. Kurudisha mipangilio ya kiwandani, hola, maana haifiki huko. Zikarudishwa kwa kampuni kutengenezwa. Ya BabaNeema ingekuwa hivyo, Kariakoo ingekuwa jibu sahihi.

FundiMasasi
Kweli kabisa. Isiyovuka nembo ya kampuni ni ya fundi. Inayofika kwenye menyu, mwenye rimoti aanze yeye.

BabaNeema, na ile ya kupakia mpaka Isha: tafuta BD-Live, izime. Blu-ray inajaribu kwenda kwenye intaneti kuchukua nyongeza za filamu kwa hotspoti yako. Ukiwa hapo futa na hifadhi ya ndani.

BabaNeema
Nimerudi wakuu. Sauti: PCM, sabufa imeamka, jirani kaja kuuliza kuna harusi gani. BD-Live nimezima, kusubiri bado kupo lakini sasa ni kama wa kuvuta kiti na kukaa. Namba za rimoti zilinigomea mara tatu, kumbe nilikuwa nasoma za modeli inayofanana ila mwisho ina herufi tofauti. Mara ya nne ikaandika "0" kwenye kioo, yaani maeneo yote. Muhindi wa kwanza anaimba hapa.

Basi nimeghairi. Flashi nimeiweka kabatini.

KoroshoGredi1
Na harusi?

BabaNeema
Jumatatu naipeleka steshenari. Nakala mbili, moja ya mdogo wangu.